Wana-Arusha na Moshi, tuuelewe umeme wetu: uniti inauzwaje, inatoka wapi, inaacha moshi kiasi gani

#1 Kijenge Juu (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, mnivumilie, maana jambo hili limenikaa rohoni tangu Juni nilipopanda Kibosho kumsalimia mama.

Mama ana friji ndogo, taa nne, televisheni, na mita ya LUKU, ile ya kulipia kabla, inayompa uniti 41 kwa shilingi 5,000. Jiko lake ni la mkaa. Asubuhi ya baridi ile ya mlimani, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, unamkuta amepiga magoti anapuliza makaa mabichi huku anakohoa. Mwaka juzi nilimnunulia jiko la presha la umeme. Alilipokea kwa shukrani, akalifunika kitambaa cha kufuma, akaliweka juu ya kabati. Safari hii nikamuuliza mbona halitumii. Akanijibu, "Mwanangu, mimi niko kwenye umeme wa bei ya chini. Nikianza kuupikia, nitatolewa huku."

Nilitaka kumbishia, nikagundua sina hesabu ya kumbishia nayo. Niliporudi Arusha nikatafuta kalamu.

Bei tunazolipa ni zile EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati, ilizopitisha mwaka 2016. Kundi la T1, ambamo tumo wengi wa mjini pamoja na saluni, maduka na mafundi wa kuchomelea, uniti, yaani kilowati-saa moja, ni shilingi 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3, na EWURA asilimia 1. Jumla 356.24. Ndiyo maana ukinunua umeme wa 10,000 unapata uniti 28 na pointi kidogo. Mwezi unaokatwa kodi ya jengo kwa nyumba ya kawaida, 1,500 inatangulia, zinabaki 8,500, unaambulia uniti 23.86. Nimewasikia watu pale dukani wakilalamika kwamba mita yao inakula uniti. Soma risiti yako hadi chini, utaona ile 1,500 imeandikwa.

Kundi la D1 ni la nyumba zisizozidi uniti 75 kwa mwezi. Huko uniti ni shilingi 100, na kodi zake inafika 122. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni 350, pamoja na kodi 427. Ukizoea kuvuka, unahamishiwa T1.

Sasa angalieni. Mtu wa D1 akitumia uniti 75 analipa 9,150. Akitumia 100 akabaki D1, analipa 9,150 pamoja na 25 za ziada kwa 427, jumla 19,825. Uniti hizo 100 ukiwa T1 ni 35,624. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea: hata ukivuka, D1 inabaki nafuu kuliko T1 mpaka ufike uniti 323 hivi. Kwa hiyo uniti ya 76 yenyewe haina ubaya mkubwa. Kinachotisha ni kuhamishwa, kwa sababu ukihamishwa hata taa ya chooni na friji vinapanda bei karibu mara tatu. Mama alikuwa sahihi kuogopa.

Friji yake inakula kama uniti moja kwa siku, 30 kwa mwezi. Taa nne za wati 9 zikiwaka saa tano ni uniti 5 na nusu. Televisheni ya wati 60, saa tano kwa siku, ni 9. Jumla 44 na kidogo. Zinabaki 30 za kuchezea. Je, zinatosha kupikia?

Jumamosi moja nikazima friji na kila kitu hapa kwangu, nikaloweka nusu kilo ya maharage tangu usiku, nikayaweka kwenye jiko la presha. Mita ilisoma 31.86. Maharage yalipoiva, laini kabisa, ilisoma 31.45. Yametumia 0.41. Kwa bei yangu ya T1 ni shilingi 146. Kwa bei ya mama ni shilingi 50. Shilingi 50 hainunui hata kipande cha mkaa cha kuwashia.

Kwa hiyo anayelipa 122 ndiye ambaye kupikia umeme kungemfaa kuliko wote, na ndiye huyo huyo ambaye ukomo wa 75 unamzuia. Maoni yangu, na nitayasema popote: serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. Ukomo wa 75 ulipangwa kwa nyumba ya taa na redio. Nyumba inayopika inahitaji ukomo wa 110 au 120.

Kuhusu umeme unatoka wapi na unachafua hewa kiasi gani, nimeandaa kidogo, lakini najua humu wamo mafundi. Karibuni.

#2 Mangi wa Pasua

Mkuu umenifumbua macho na ile 1,500. Kila mwezi nilikuwa nagombana na mke wangu nani kaacha pasi.

#3 Mpangaji Sombetini

Kaka hoja yako nzuri ila umesahau sisi wapangaji. Nyumba ninayokaa ina vyumba saba na mita moja. Zamani tulikuwa tunachanga kila chumba 5,000, ikawa ugomvi, maana yuko aliyekuwa anachemsha maji ya kuoga kwa hita ya kutumbukiza na yuko bibi mmoja mwenye taa moja tu. Mwenye nyumba akaleta fundi akafunga mita ndogo kila mlango. Tukafurahi. Mwisho wa mwezi anakuja na daftari, anasoma, uniti ni 500. Nikamuuliza mbona kwenye risiti ni 356, akasema ni gharama za mita. Mita zile tulizilipia sisi.

Mimi nina taa mbili, redio na simu. Uniti 12 kwa mwezi. Ni masikini wa umeme kweli kweli, lakini hiyo 122 naisoma hapa tu.

#4 Kijenge Juu

Ndugu yangu Mpangaji, umenigusa. Na hesabu inakuunga mkono: vyumba saba vikitumia wastani wa uniti 20 tu, mita inasoma 140. Nyumba nzima inaonekana tajiri wakati ndani wamo watu saba wa hali ya chini. Uniti 12 kwa 122 ni 1,464. Wewe unalipa 6,000.

Nafuu ile inafuata mita, haimfuati mtu. Mwenye mita yake peke yake, hata akiwa na mashamba na gari, ilimradi haishi pale sana, anapata 122. Sijui mtu wa kumlaumu hapo, lakini ni jambo la kulipeleka panapohusika EWURA wakikusanya maoni ya bei mpya. Kuhusu mwenye nyumba wako, jaribuni kukaa wote saba mkamwonyeshe risiti. Mtu mmoja akienda peke yake anaambiwa ahame.

#5 Laini ya Msongo

Nimefanya kazi za umeme mkubwa miaka mingi, nipo Moshi. Naomba nijibu la umeme unatoka wapi, maana watu wa hapa wanadhani tunawashiwa na bwawa la Nyumba ya Mungu.

Nyumba ya Mungu ni megawati 8 tu. Ni bwawa kubwa kwa macho, ukisimama pale ukingoni huoni ng'ambo vizuri, lakini maji hayaanguki kutoka juu sana, na umeme wa maji ni wingi wa maji mara kimo cha kuanguka. Ukishuka mto ule ule wa Pangani unakuta Hale, megawati 21, tangu 1964, halafu Pangani Mpya, megawati 68, tangu 1995. Maji ni yale yale lakini kule yanaporomoka kwa kimo kikubwa. Mto wote ukijaa, ni megawati 97. Kwa nchi ambayo kilele cha matumizi kilikaribia megawati 2,000 mwaka 2025, hiyo ni sehemu ndogo sana.

Mzigo mkubwa uko mbali. Kidatu megawati 204, Kihansi 180, Mtera 80. Mitambo ya gesi asilia ya Dar es Salaam, yaani Ubungo, Tegeta na Kinyerezi, ambayo kwa miaka mingi ilibeba zaidi ya nusu ya umeme wa nchi. Halafu Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, na mwaka 2025 yote 9 ikakamilika. Uwezo wa nchi nzima sasa umepita megawati 4,000, na bwawa hilo pekee ni zaidi ya nusu yake.

Sasa sisi tuko wapi? Mwisho wa waya. Kuna laini ya zamani ya kilovolti 132 inayotoka Chalinze kwenda Hale, Same, Kiyungi hapa Moshi, mpaka Njiro Arusha. Kuna ya kilovolti 220 inayotoka Singida kupitia Babati hadi Njiro. Umeme unaofika Himo umesafiri mamia ya kilomita, na waya unaunguza kiasi njiani. Kinachounguza ni mkondo, na unaunguza kwa kipeo cha pili: mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu ni mara nne. Ndiyo maana umeme wa mbali unasafirishwa kwa msongo mkubwa, yaani volti nyingi. Mzigo ule ule ukiutoa kwenye 132 ukaupeleka kwenye 400, mkondo unashuka kuwa theluthi moja na upotevu kuwa sehemu moja ya tisa. Mwendo mrefu na mzigo mkubwa kwenye msongo mdogo, ndiyo taa ya jioni inageuka rangi ya chai ya maziwa.

Nisisahau jirani yetu wa Arusha Chini. Kiwanda cha sukari cha TPC kinachoma makapi ya miwa, kinajiendesha chenyewe na cha ziada kinaingiza kwenye gridi wakati wa msimu wa kukamua. Moshi utokao pale ni wa mmea uliokua mwaka huo huo na unaopandwa tena.

#6 Mzalendo Kiborloni

Mkuu umeeleza vizuri, lakini hapo ndipo mimi hunipanda hasira. Tuna megawati 4,000, tunatumia nusu. Tumechangishana tukajenga bwawa la matrilioni. Halafu tunaambiwa Kaskazini italishwa umeme wa Ethiopia kupitia Kenya! Huo wa Rufiji tumejengea nani?

#7 Laini ya Msongo

Kaka, hasira yako naielewa, na wengi walikuwa nayo Machi 2025 Rais Samia alipolitaja jambo hilo akiwa ziarani hapa Kilimanjaro. Lakini alitoa na sababu: upotevu wa kuleta umeme huku unagharimu shilingi bilioni 32 kwa mwaka.

Fikiria hivi. Una shamba la mahindi Kiteto na gunia mia zimejaa ghalani. Ndugu yako yuko Tarakea hana unga leo. Utampakilia gunia kutoka Kiteto kila wiki, au utamwambia anunue Loitokitok hapo ng'ambo, wewe uuze yako Dodoma? Mahindi yako hayajapotea. Kuna mnunuzi mwingine.

Kwa umeme ni hivyo. Laini ya kilovolti 400 imejengwa kutoka Singida hadi Arusha, kituo cha Lemugur, ikavuka Namanga mpaka Isinya kule Kenya. Upande wetu ni zaidi ya kilomita 400. Gridi mbili ziliunganishwa Desemba 2024. Kenya nayo ina laini ya umeme wa mkondo mnyoofu wa kilovolti 500 kutoka Wolayta Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa, zaidi ya kilomita 1,000, yenye uwezo wa megawati 2,000, nayo ilianza kununua umeme wa huko Novemba 2022. Waya huo hauna upande mmoja. Mvua ikigoma Ethiopia, sisi tunauza. Zambia walilia njaa ya umeme 2024 kwa sababu ya ukame, ndiyo maana na wao wanataka kuunganishwa kupitia Mbeya.

Mimi binafsi ningependa kwanza tuimarishe laini yetu ya Chalinze kuja huku, na ninaamini ndiyo kazi ya kufanywa bila kuchelewa, kwa sababu mwenye njia mbili halali njaa. Lakini kununua kwa jirani siyo kushindwa.

#8 Mzee wa Mfongo

Vijana, nimesoma yote. Mimi ni wa Machame, miaka 71.

Mnazungumza megawati, mimi naomba nizungumze maji. Weruweru na Kikafu tulikuwa tunavuka kwa mawe tukiwa tunakwenda shule, na masika hatukuthubutu. Mito hiyo inaingia Kikuletwa, na Kikuletwa ndiyo inajaza Nyumba ya Mungu pamoja na Ruvu inayotoka upande wa Jipe. Kila mfongo, yaani mfereji, tuliochimba wa kumwagilia kihamba, shamba la migomba la nyumbani, kila jaruba la mpunga kule chini, linachukua maji kabla hayajafika kwenye mtambo. Sisemi ni vibaya. Watu lazima wale. Lakini mtu akiniambia umeme wa maji haugharimu kitu, namwambia aje aone wakulima wanavyogombania zamu ya maji usiku na tochi.

Na mkaa huo. Kihamba hakina mkaa. Mkaa unatoka tambarare, kule kwenye migunga, magunia yanapandishwa kwa malori. Miti hiyo ndiyo ingetuvutia mvua. Kwa hiyo mwanangu wa Kijenge, mwambie mama yako Kibosho alishushe hilo jiko kabatini.

#9 Kijenge Juu

Shikamoo mzee. Nimeisoma post yako mara mbili. Nitamwambia, na nitamsomea uliyoandika.

#10 Dada wa Moshono

Wakuu naombeni msaada wa hesabu. Nina saluni ndogo. Juni na Julai bili ya nyumbani inaruka hadi najiuliza nina kiwanda. Na saluni nina jenereta ndogo ya petroli nilinunua wakati wa mgawo wa 2023, bado naiwasha umeme ukikatika. Vipi bei yake, na moshi wake ukilinganisha na umeme wa waya?

#11 Kijenge Juu

Dada, la nyumbani nina hakika ni bafu. Hita za kuogea zinazochemsha papo hapo nyingi ni wati 4,500 na kuendelea. Mtu mmoja akikaa chini ya maji dakika 10 ni uniti 0.75. Nyumba ya watu watano ni uniti 3.75 kwa siku, 112 na nusu kwa mwezi. Kwa T1 ni zaidi ya 40,000 ya kuoga tu. Na baridi ya Arusha mwezi wa saba hakuna anayetoka bafuni kwa dakika 10. Friji, taa na televisheni zote pamoja hazifikii nusu ya hiyo. Ukiweka sola ya kuchemshia maji juu ya bati, au ndoo moja iliyochemshwa kwa birika na kuchanganywa, utaona tofauti mwezi wa kwanza.

Sasa jenereta. Hizi ndogo lita moja ya petroli inatoa kama uniti mbili. Lita ikiwa 2,800, uniti moja ni 1,400, karibu mara nne ya LUKU.

Moshi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo nusu ya pili ya uzi wangu. Lita ya petroli ikiungua inatoa kilo 2.3 za hewa ukaa. Kwa hiyo uniti ya jenereta yako ni zaidi ya kilo moja. Gesi asilia ya Kinyerezi na Ubungo ni karibu nusu kilo kwa uniti. Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, kwenye ripoti yake ya 2014, lilihesabu kila kitu tangu kujenga mtambo hadi kuuzima: makaa ya mawe gramu 820 kwa uniti, gesi 490, jotoardhi 38, maji 24, upepo kama 11. Hizo ni namba za katikati, mtambo mmoja unatofautiana na mwingine.

Ukichukua gridi ambayo nusu ni gesi na nusu ni maji, uniti moja inabeba robo kilo hivi. Tangu Rufiji iingie sehemu ya maji imekua, kwa hiyo robo kilo ni kukisia kwa juu. Maharage yangu ya uniti 0.41 yalitoa kama gramu 100. Mkaa je? Kilo moja ya mkaa ikiungua jikoni inatoa karibu kilo 3 za hewa ukaa. Na kabla haijafika jikoni, tanuri la udongo la porini limekula kilo sita hadi nane za kuni kutengeneza kilo hiyo moja. Mti ukipandwa na kukua tena, hewa ile inarudi kwenye mti. Usipopandwa, imebaki juu.

Nilipoanza kuhesabu nilidhani adui ni mitambo ya gesi. Kwa nyumba ya kawaida ya Kaskazini, moshi mwingi uko kwenye jiko la mkaa na nyuma ya duka kwenye jenereta. Waya ndio msafi kuliko vyote tulivyo navyo, na ndio tunaouogopa kwa sababu ya bei.

#12 Mwanafunzi wa Nambala

Naomba kuongeza jambo moja kwa heshima, kaka Kijenge. Ile gramu 24 ya umeme wa maji iangaliwe kwa makini kwenye nchi za joto. Bwawa jipya likifunika msitu na majani, vile vilivyozama vinaoza bila hewa na kutoa methani, ambayo inapasha dunia joto kuliko hewa ukaa. Miaka ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi. Kwa bwawa lenye maji mengi na umeme mwingi, athari kwa kila uniti inakuwa ndogo. Kwa bwawa pana lenye megawati chache, kama hilo letu la Nyumba ya Mungu, hesabu ni tofauti.

Pia tusisahau vilivyo karibu. Ziwa Natron liko mkoani kwetu na ni mojawapo ya maeneo ya kipaumbele ya kampuni ya taifa ya jotoardhi. Wakenya pale Olkaria wamekuwa wakizalisha kwa mvuke wa bonde hili hili la ufa tangu 1981. Na Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha mafunzo ya nishati jadidifu Kikuletwa, pale wilaya ya Hai, mahali palipokuwa na mtambo wa zamani wa maji. Umeme ukizalishwa Natron, hausafiri mamia ya kilomita kufika Njiro.

#13 Laini ya Msongo

Kijana yuko sahihi. Na mtambo ulio karibu, hata mdogo, unashikilia msongo usishuke. Ndiyo kazi kubwa ya zile megawati 8 za Nyumba ya Mungu, kuliko wingi wake.

#14 Mzalendo Kiborloni

Sawa, la Ethiopia nimelielewa nusu. Lakini hili la hewa ukaa, Tanzania tunachangia kiasi gani duniani? Wachafuzi wakubwa wako kwao, sisi tunahesabu gramu za maharage.

#15 Kijenge Juu

Kaka, mchango wetu duniani ni mdogo sana, hilo halina ubishi, na theluji ya Kibo haikuyeyushwa na sisi. Lakini moshi wa mkaa hauendi duniani kwanza. Unapita kwenye kifua cha mama. Nilimsikia akikohoa saa kumi na moja alfajiri kupitia ukuta wa mbao. Gramu nilizihesabu kwa sababu hiyo.

#16 Mpangaji Sombetini

Mrejesho. Tumekwenda wote saba kwa mwenye nyumba Jumapili baada ya ibada, tumebeba risiti tatu. Bibi wa chumba cha kwanza ndiye aliyeongea, sisi tulinyamaza. Amekubali 400 kuanzia mwezi huu. Si 356, lakini bibi amesema tumwache apumue.

#17 Kijenge Juu

Mpangaji, mpe bibi huyo salamu zangu.

Na mimi nina mrejesho. Nilirudi Kibosho mwanzo wa mwezi, nikamsomea mama maneno ya Mzee wa Mfongo. Alisikiliza, akauliza mzee huyo ni wa ukoo gani wa Machame, kisha akainuka akalishusha jiko. Tumebandika karatasi pembeni ya mita, kila jioni anaandika namba kwa kalamu ya wino. Anapika mchana na jioni, maharage, ndizi, mtori. Mkaa ameuacha wa kuchomea mahindi. Siku ya kwanza mtori uliiva hadi akasema hauna ladha ya moshi, na hakusema kwa kusifu. Wiki ya pili alikuwa amezoea.

Jana usiku alinipigia. Siku ya 28, ametumia uniti 71. Anataka kujua kama makande ya Jumapili yataingia kwenye nne zilizobaki, maana friji nayo inaendelea kula. Nimemwambia makande yanakula kama nusu uniti, friji, taa na televisheni kwa siku mbili ni tatu. Yanaingia, apike.